Mkunga Aliyecheza kwa Gambuti

Siku tuliyomzika Mkunga, mimi ndiye niliyesoma historia ya marehemu, na niliisoma vibaya. Nilichaguliwa kwa sababu ni mwalimu, na hapa kwetu Ntobeye watu wanaamini kwamba mwalimu anajua kuandika kila kitu. Mimi nafundisha Hisabati. Historia ya marehemu inatakiwa ianze na alizaliwa wapi, baba yake nani, mama yake nani, na hapo hapo nilikwama, maana mwanamke aliyejua siku na saa ya kuzaliwa ya nusu ya kata hakuwahi kumwambia mtu ya kwake. Ukimuuliza alikuwa anajibu, "Siku hiyo sikuwa zamu." Basi nikasoma kwamba alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, nikataja miaka yake ya zahanati, nikakaa. Nilitumia dakika nne. Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Haya ninayoyaandika sasa ni yale niliyoyaacha. Mengi yananiaibisha mimi kuliko yeye, ndiyo sababu niliyaacha.

Mkunga hakuwa mtu wa hodi. Tulikuwa majirani zaidi ya miaka ishirini, migomba yake ikiegemea migomba yangu, na sikumbuki hata mara moja alipobisha mlango wangu. "Hodi ni ya wageni," alikuwa anasema. "Mimi nimeingia nyumba hizi wakati hata mwenye nyumba amefukuzwa nje." Lakini wewe ukienda kwake bila kupiga hodi mara tatu, na ile ya tatu kwa sauti, anakuacha umesimama uani na kuku mpaka ujifunze adabu.

Akishaingia, kitu cha kwanza ni maji. Unamwamkia, "Shikamoo, Mkunga," yeye kimya. Ananawa mpaka kwenye viwiko, anajifuta kwa kitenge, anasugua viganja mpaka vipate joto, ndipo anageuka: "Marahaba, Mwalimu. Mmeamkaje?" Alikuwa amestaafu zamani na hakuna aliyekuwa anajifungua sebuleni kwangu, lakini hata kikombe cha chai hakukigusa kwa mikono ya baridi. Alisema mtu akipokewa duniani kwa mikono ya baridi, ataishi na wasiwasi. Nikamwambia basi mimi nilipokewa na mtu aliyetoka mtoni, maana wasiwasi ninao wa kutosha. "Wewe ulipokewa vizuri tu," akasema. "Wasiwasi umejitafutia mwenyewe."

Mdomo wake ulijulikana mpaka Bukiriro. Wanawake waliojifungulia kwake wote wana kisa kimoja: aliwafokea. "Unapiga kelele nani akusikie? Wenzako wamezaa hapo hapo ulipolala." Mama wa watu analia kwa uchungu na kwa hasira. Saa moja baadaye huyo huyo mfokaji anarudi na uji aliopika nyumbani kwake, anakaa pembeni ya kitanda, anaupuliza kijiko kwa kijiko. Aliwaamuru wajawazito wote wale mchicha na dagaa, na yeye mwenyewe aliishi kwa biskuti na soda nyekundu. Alisema haraka haina mtoto, lakini kwenye foleni ya kusaga mahindi alikuwa anapita mbele ya kila mtu na hakuna aliyethubutu kumuuliza, kwa sababu wengi kwenye ile foleni alikuwa amewaona uchi kabla hawajapewa majina.

Hakuogopa damu, na wakubwa wa wilaya alikuwa akiwajibu. Aliogopa umeme. Nguzo zilipofika kijijini aliweka balbu moja tu, na swichi yake aliibonyeza kwa ufito mkavu akiwa amesimama mbali. Ule ufito aliutunza mlangoni, na ole wako uutumie kufukuzia mbuzi.

Na alikuwa anacheza. Hili kwenye historia ya marehemu sikulitaja kabisa, Mungu anisamehe. Sisi watu wa Ngara, Wahangaza na ndugu zetu waliokuja kutoka Burundi na Rwanda wakalima na kuzeeka hapa, ngoma yetu iko mikononi. Mikono inapanda, inafunguka, inatulia hewani kama pembe za ng'ombe wa pembe ndefu, na miguu inafuata taratibu chini. Mkunga akiinua mikono kwenye harusi, watu walikuwa wanaacha mrija wa pombe mdomoni bila kunywa. Mzee mfupi, mnene, mwenye goti bovu, lakini akishainua mikono unamwona mrefu.

Sasa naomba nieleze uchezaji wangu mimi, kwa haki kabisa. Siku ya harusi yangu, mbele ya ukoo wa mke wangu, nilinyanyua goti ambalo halikutakiwa kunyanyuliwa nikaangusha mtungi wa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, uliokuwa umewekewa wazee. Ulimwagika wote. Mjomba wa mke wangu alitazama ardhi ikinywa, akasema, "Huyu tumpe binti. Mtungi tusimpe tena." Maneno hayo yapo mpaka leo, wanarithishana.

Tangu siku hiyo, kila sherehe ngoma inapoanza, mimi nainuka kwenda kuangalia jenereta. Mwanzoni nilikuwa najifanya tu. Lakini mtu akijifanya kwa miaka ishirini na zaidi, anajua. Leo hii kata nzima wakiwa na shughuli naitwa mimi, na umeme ukikatika watu hawasemi "Mungu wangu", wanasema "Mwalimu yuko wapi?" Wanadhani ni kipaji, kumbe ni woga uliopata uzoefu.

Na mzizi hasa wa huo woga hauko kwenye mtungi. Siku binti yangu anazaliwa, mtoto wetu wa pekee, nilikuwa nje ya zahanati, nyuma, nikimsaidia mlinzi kurekebisha jenereta ambayo wakati ule sikujua hata mafuta yanaingilia wapi. Mkunga akatoka na mtoto amemkunja kwenye khanga. Alikuja naye mpaka pale kwenye harufu ya dizeli.

"Pokea," akasema.

"Nitamwangusha."

"Mbele yangu hajawahi kuanguka mtoto."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza," nikasema, na mikono nikairudisha nyuma ya mgongo kama mwanafunzi anayekwepa fimbo.

Aliitazama ile mikono mpaka nikatamani ningeiacha nyumbani. "Mwalimu," akasema, "hii ni mikono au ni mapambo?" Akageuka, akampa mama mkwe wangu. Nilikuja kumbeba mtoto baadaye, ameshakaza shingo, hana tena hatari. Lakini ile ya kwanza ilinipita. Mkunga hakuisahau, na mimi nilikuwa naomba aisahau.

Binti akakua, akasoma, akapata kazi Mwanza. Huko akapata na mchumba, kijana ambaye wazazi wake ni wakulima wa Nyabusozi, Biharamulo. Posa ikaja, wazee wakakubaliana, na siku ya kumuaga ikapangwa ifanyike hapa nyumbani kwetu. Kwa watu wa kwetu, siku hiyo baba wa binti hatoi hotuba tu. Anacheza. Anainuka kwenye kiti chake, mikono juu, anacheza mpaka walipo wakwe, na akifika ndipo binti anatolewa. Baba asipocheza, wakwe wanaondoka na mtoto wako kama watu waliookota kitu njiani.

Binti yangu akanipigia simu. Akazungumza habari za turubai, za wapishi, za kwaya, mpaka akafikia lililomfanya apige. "Baba," akasema, "siku hiyo naomba usiende kwenye jenereta."

Kumbe alikuwa anaona. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa anaona. Nilimwambia sawa mama, nikakata simu, nikaenda kukaa migombani.

Krismasi alikuja na boksi. Ndani kulikuwa na mashine ya gemu aliyoinunua ikiwa imetumika, na mkeka wa plastiki wenye mishale minne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Unaunganisha kwenye runinga, muziki unapiga, mishale inapanda kwenye kioo, na wewe unakanyaga mshale unaofanana nao. Ukikanyaga kwa wakati, mashine inakusifia kwa Kiingereza. Ukikosa, watu wa ndani ya mashine wanakuzomea. "Utafanya mazoezi, Baba," akasema. "Na presha yako itashuka."

Presha haikushuka. Mkeka ulikuwa unateleza kwenye saruji, nikaukandamiza pembe zote nne kwa vitabu vya Hisabati vya darasa la saba. Nikafunga pazia, nikavua viatu. Mshale wa kwanza ulinipita nikiwa bado nasoma mshale gani. Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu, nami nililaumu saruji, nikalaumu umeme, nikamlaumu mtengenezaji wa mkeka huko aliko. Mtu aliyefundisha watoto kuhesabu kwa miaka yote hii alikuwa anashindwa kufika nne.

Siku ya tatu, mchana, Mkunga aliingia. Bila hodi, kama kawaida. Alinikuta na soksi moja, jasho linatiririka, nazomewa na runinga. Alikwenda akanawa mikono, akaisugua, akakaa kwenye kochi.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, mpaka ile simu ya binti. Alisikiliza huku anakula biskuti zangu, kisha akasema niendelee, anitazame. Nikacheza wimbo mzima. Ulipoisha akapangusa makombo. "Unacheza kama mtu aliyekanyaga siafu," akasema. "Pumua. Na hayo meno usiyakaze, hakuna kinachotoka."

Akaenda kwake. Nikadhani ameniacha na aibu yangu, kumbe amekwenda kuvaa. Alirudi na gambuti zake nyeusi za shambani, zimeoshwa, kwa sababu ule mkeka una waya na waya una umeme. Akanawa tena mikono. "Mkunga," nikamwambia, "huu unachezwa kwa miguu." Akasema, "Najua," akaendelea kunawa.

Sitasahau. Muziki ulikuwa wa ajabu, wa haraka haraka, wa kizungu sijui wa kijapani, na yeye hakuufuata. Alisimama katikati ya mkeka na gambuti zake, akainua mikono, akacheza ngoma yetu ndani ya ule muziki, taratibu, kama hausikii. Sebule yangu yenye kalenda ya parokia na kochi lililochanika ikawa ukumbi. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Wimbo ulipoisha, mashine ikatoa matokeo: amekosa yote. Alama ya mwisho kabisa, na kuzomewa juu.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema umeshindwa."

"Ilikuwa inatazama wapi?"

"Miguu, Mkunga. Inatazama miguu tu."

Akacheka mpaka akashika goti. "Basi ni ya wanaume," akasema, akaomba soda.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila nikitoka shuleni. Alikuwa anapoteza kila wimbo na haoni haya hata chembe. Mimi ndiye niliyeanza kupanda alama, na nikipanda nakuwa mshamba wa sifa. Siku niliyopata alama A kwenye wimbo rahisi kuliko wote, ule wa watoto, niliita mke wangu aje aone. Nilipiga picha runinga. Nilimtumia binti. Nikamgeukia Mkunga nikingoja.

"Na mikono?" akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa inaning'inia tu pembeni yangu kama mikono ya shati kwenye kamba.

"Nyanyua."

Nikanyanyua. Miguu ikasimama. Nikaanzisha miguu, mikono ikashuka. Tukajaribu wiki nzima. "Mwalimu wa Hisabati," akasema, "vitu viwili vinakushinda kujumlisha." Alisema kwa kunitania, lakini alikuwa ameshaona kwamba mimi siku zilikuwa zinaniishia na usingizi sipati. Nilikuwa naota wakwe wamepanga mstari na kila mmoja ameshika mtungi.

Siku moja akazima mwenyewe runinga, kwa ule ufito wake aliokuja nao. "Watu wanasema pembe," akasema. "Mikono kama pembe za ng'ombe. Mimi sijawahi kuchunga ng'ombe. Mimi nikiinua mikono napokea mtoto. Hivi. Unaona kiganja? Kichwa kinakaa hapa."

"Hilo ndilo nisilolijua, Mkunga," nikasema.

Nilitegemea anifokee. Hakufoka. Alichukua mto wa kochi, akausugua kwa viganja, akaniwekea mikononi. "Haya," akasema. "Cheza na huyu." Nikacheza na mto. Mtu mzima, tumbo mbele, namchezesha mto wa kochi juu ya mkeka wa mishale, na mke wangu anachungulia. Mto haukuanguka.

Wiki ya mwisho kabla ya sherehe Mkunga alianguka migombani kwake. Mguu wa kulia ulikufa ganzi, na wa kushoto, ule wenye goti bovu, haukuweza kumbeba mwenzake. Alirudishwa kutoka hospitali akiwa mtu wa kitandani. Nilipokwenda kumwona alinifukuza. "Nenda kafanye mazoezi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima acheze." Gambuti zilikuwa zimesimama chini ya kitanda chake, safi.

Basi siku ikafika. Turubai mbili, wakwe wetu wa Nyabusozi upande ule, ukoo wetu upande huu, mchana mkali wa saa nane. Mshereheshaji akaniita kwa majina yangu yote. Niliinuka. Mikono nikainua, viganja vimefunguka kama nilivyoelekezwa, muziki ukapiga, na miguu yangu, namshukuru Mungu, ikaanza: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Sikukosa hata hatua moja. Nilikuwa natazama nyasi nikitafuta mishale, lakini sikukosa. Nikajiona nimeshinda. Ndipo nikasikia mshereheshaji akisema kwenye kipaza sauti, kwa upole, "Mwalimu, wakwe wako huku."

Nikanyanyua macho. Sikuwa nimesogea. Dakika nzima nilikuwa nimecheza vizuri sana pale pale kwenye kiti changu, ndani ya kipande cha ardhi cha ukubwa wa mkeka. Mkeka haukufundishi kwenda popote. Wakwe walikuwa hatua kumi mbele yangu, wamesimama, wananisubiri, na mjomba wa mke wangu alikuwa amekwisha kuuvuta mtungi nyuma ya miguu yake.

Na umeme ukakatika. Muziki ukafa. Watu mia wakanigeukia kwa pamoja, na sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, jenereta!"

Nikiri tu. Mguu mmoja ulikwisha kugeuka kuelekea nyuma ya nyumba. Nilifurahi hata, nilijiona nimeokolewa. Halafu nikamwona binti yangu, amesimama na shangazi zake pale alipotakiwa kutokea. Alikuwa ameinamisha uso. Mikono yangu ilikuwa bado juu, imesahauliwa huko, imeshika mto usiokuwepo. Nikajua nikiishusha sasa, nimemwangusha.

Nikaenda mbele. Bila muziki, bila hesabu. Sijui nilikuwa naanza na mguu upi. Mama mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakashika, wimbo ukaanzia upande wa wanawake, na mimi nikawa navuka ule uwanja mikono imefunguka, nalia kama mtoto mbele ya wakwe. Nilipofika nilimkanyaga baba mkwe wa binti yangu kwa uzito wangu wote. Binti akatolewa. Alikuja akasimama katikati ya mikono yangu, kwa sababu sikujua jinsi ya kuishusha.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkunga. Nilipiga hodi mara tatu, ya tatu kwa sauti. Ndani nikakuta beseni na maji. Nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikasugua viganja mpaka vikapata joto, ndipo nikamwamkia. Aliniacha nimalize.

"Marahaba," akasema. "Ulimkanyaga nani?"

"Mkwe. Kiatu kipya."

"Nasikia umeme ulikatika."

"Ulikatika."

"Jenereta aliwasha nani?"

"Sijui mpaka sasa."

Akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua, kilikuwa cha puani tu. Akavuta mto, akajiinua kidogo. "Haya, nionyeshe."

Kati ya kitanda na kabati kulikuwa na nafasi ndogo kuliko mkeka. Nikainua mikono, nikacheza hapo. Yeye akatoa yake kwenye blanketi akaiinua, miguu yake haipo kwenye habari hii tena, lakini mikono ilikuwa ile ile ya kwenye harusi zote, na kwa muda tukacheza wawili bila muziki. Kisha yake ikachoka, akairudisha kifuani. Akabaki anaitazama yangu, kiganja kimoja kimoja, kama alivyoitazama siku ile nyuma ya zahanati.

"Hukumwangusha," akasema.